Kivinjari kinafungua kurasa nisizoziita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayofika sana kwenye meza ya fundi hapa Ngamiani, Tanga. Yanaletwa na wenye steshenari, wanafunzi, hata wauza samaki wa Deep Sea ambao simu zimewajaa matangazo ya kubeti. Majibu yanahusu zaidi simu za Android na kompyuta za Windows, kwa sababu ndizo zinazoletwa. iPhone ina swali lake moja huko chini. Majina ya setingi nimeyaandika kwa Kiswahili. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, fuata alama na mahali zilipo, maana mpangilio ni uleule.

Fundi, kurasa zinafunguka zenyewe. Nianzie wapi?

Usianze kufuta kitu. Anza kuangalia zinafunguka lini, maana wakati ndio unaomtaja mhusika.

Zikija baada ya kugusa ujumbe uliotokea juu ya skrini, mhusika ni tovuti uliyoiruhusu kukutumia arifa. Zikija ukiwa ndani ya tovuti fulani tu, kila ukigusa popote, mhusika ni tovuti yenyewe na simu yako haina tatizo. Zikija mara tu unapofungua kivinjari kwenye kompyuta, kagua ukurasa wa kuanzia, njia ya mkato na viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa ndani ya kivinjari). Zikija ukiwa hata kivinjari hujakigusa, umefungua skrini tu kuangalia saa, hapo kuna programu ndani ya simu inayofanya kazi hiyo.

Watu wengi wanaoletewa bili ya kuflashi simu (kuiwekea mfumo upya) walikuwa na tatizo la aina ya kwanza, ambalo huondoka kwa dakika mbili.

Kila saa napata ujumbe wa “umeshinda” au “simu yako ina virusi”, nikigusa tu kinafunguka kichupo (tab) kipya. Nimeingiliwa?

Hapana. Kuna siku ulifungua tovuti, ikakuuliza kama unairuhusu ikutumie arifa, ukagusa Ruhusu ili ikuache usome. Tovuti za namna hii ni hodari wa kuvaa nguo za wengine: zinaandika “gusa Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe si roboti”, au “gusa Ruhusu video ianze”. Arifa haina uhusiano wowote na kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu wala na kuanzisha video. Ukiona maneno hayo, toka.

Msimu wake mkubwa hapa kwetu ni Januari, matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, na wakati wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Mtu anatafuta “matokeo” kwenye Google, anafungua tovuti ya nne au ya tano kwenye orodha kwa sababu ya Baraza la Mitihani (NECTA) imeelemewa, na huko ndiko anakokutana na kitufe. Matokeo halisi yako necta.go.tz. Subiri ifunguke. Mwisho wa anwani ukiwa .go.tz ujue uko serikalini. Mwisho ukiwa kitu kingine, hata jina likiwa na neno “necta” ndani yake, huko ni kwa watu binafsi.

Dawa ya haraka kwenye simu ni hii. Ujumbe ukitokea, usiuguse kwa kuufungua. Ubonyeze na kuushikilia. Simu itakuonyesha kuwa umetumwa na Chrome, na chini yake jina la tovuti, mara nyingi majina ya ajabu ya herufi zilizochanganywa na tarakimu. Hapohapo kuna swichi: izime. Simu zenye Android 8 ya mwaka 2017 na kuendelea huzitenga arifa za kila tovuti, kwa hiyo unazima hiyo moja bila kuzima za WhatsApp wala za benki.

Ukitaka kusafisha zote kwa mkupuo, fungua Chrome, gusa nukta tatu juu kulia, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa, yenye alama ya kengele. Utaikuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Futa kila usiyoijua. Hapohapo juu unaweza kuzima tovuti zisikuulize tena kabisa, na binafsi nashauri uzime. Sijamwona mteja aliyerudi kulalamika kwamba anazikosa arifa za tovuti.

Kwenye kompyuta, andika chrome://settings/content/notifications kwenye sehemu ya anwani, utafika mahali palepale.

Nikiangalia mechi kwenye linki za bure, kila nikigusa kitufe cha kucheza unafunguka ukurasa wa kubeti. Nimeshawasha kizuizi cha madirisha ibukizi (pop-up), mbona hakifanyi kazi?

Kinafanya kazi, ila sheria yake ina mwanya, na wenye tovuti wanaujua kuliko wewe.

Dirisha ibukizi si jambo jipya. Aliyeandika msimbo wa kwanza wa tangazo la namna hiyo ni Mmarekani Ethan Zuckerman, akiwa mfanyakazi wa Tripod mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 aliomba radhi hadharani. Kufikia 2004 hata Internet Explorer ilikuwa imewekewa kizuizi. Kizuizi hicho, katika vivinjari vyote vya leo, kinaangalia jambo moja: je, dirisha limefunguka baada ya mtumiaji kubofya kitu? Kama hakuna aliyebofya, linazuiwa. Kama umebofya, kivinjari kinachukulia kwamba umelitaka wewe, kwa sababu benki na mifumo ya malipo nayo hufungua madirisha kwa njia hiyohiyo.

Basi tovuti za mechi zinafanya nini? Zinatandaza tabaka lisiloonekana juu ya video nzima. Unadhani umegusa kitufe cha kucheza, kumbe umegusa lile tabaka. Kichupo kinafunguka, na kivinjari kinakuhesabia wewe. Unakifunga, unagusa tena, tabaka la pili. Ndiyo maana siku ya Simba na Yanga unaweza kufunga vichupo mpaka goli linaingia hujaliona.

Hapo hakuna setingi ya kumaliza tatizo lote. Kizuia matangazo kinasaidia sana (tazama swali lake). La sivyo, kaa na wenzako kwenye kibanda chenye king'amuzi. Na usikubali tovuti hizo zikuambie upakue “kicheza video” chao, maana hapo unatoka kwenye kero ya tovuti moja na kuingia kwenye kero ya simu nzima.

Simu yangu inafungua Chrome yenyewe ikiwa mfukoni. Nikiitoa nakuta tangazo limejaa skrini. Hii nayo ni arifa?

Hii si arifa. Arifa inasubiri uiguse. Kitu kinachojifungua bila kuguswa ni programu iliyomo ndani ya simu, na kazi yako ni kuikamata.

Ikamate ikiwa kazini. Tangazo likiwa bado liko kwenye skrini, usilifunge. Bonyeza kitufe cha mraba, au telezesha kidole kutoka chini na kusimama katikati, ili uone programu zilizo wazi. Kadi ya lile tangazo itakuwa na alama ndogo juu yake. Mara nyingine ni ya Chrome, na hapo tazama kadi iliyo jirani yake. Mara nyingine ni ya tochi, ya kusafisha simu, ya kuongeza kasi ya betri, ya kusoma msimbo wa QR, au ya mchezo aliouweka mtoto. Programu za “kusafisha simu” ndizo zinazoongoza kwa kuchafua, na Android haizihitaji.

Usipoiona, ingia setingi za simu, Programu, na utazame zilizofunguliwa hivi karibuni. Pitia orodha yote hadi mwisho. Nyingine hujificha: alama yake haionekani kwenye skrini, lakini kwenye orodha hii ipo, ikiwa na jina tupu au jina linalofanana na la mfumo. Pitia pia ruhusa maalum ya kuonyesha juu ya programu nyingine. Hapo panapaswa kuwa na programu chache unazozijua. Tochi haina sababu ya kuwa hapo.

Ikikataa kuondolewa, ina maana imejipa uangalizi wa simu. Tafuta kwenye setingi za usalama sehemu ya programu zinazosimamia kifaa, izime hapo, kisha rudi uiondoe.

Kuna jaribio moja la kumaliza ubishi. Washa simu katika hali salama: shikilia kitufe cha kuzima, kisha kwenye maneno ya kuzima simu shikilia kidole mpaka ikuulize. Simu nyingine zina njia yake tofauti kidogo. Katika hali salama, programu ulizoziweka wewe hazifanyi kazi. Tumia simu hivyo kwa muda ambao kwa kawaida tangazo lingekuwa limeshatokea. Lisipotokea, ujue mhusika ni programu uliyoiweka, na anza kuondoa ya mwisho kuwekwa.

Programu zilizotumwa kama faili kupitia WhatsApp, hasa zile za “WhatsApp ya rangi” au za “bando la bure”, toa bila kujadiliana.

Nina steshenari. Kompyuta ya wateja kila nikifungua Chrome inaleta ukurasa wa ajabu. Nimebadilisha ukurasa wa kuanzia, kesho yake umerudi.

Unarudi kwa sababu umefuta moja na mahali ni pengi. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, viendelezi. Andika chrome://extensions. Utakavyovikuta huko ni vile vya kubadili PDF kuwa Word, vya kupakua video, vya “kupata punguzo”. Ondoa vyote usivyovitumia kila siku. Kuzima hakutoshi, kiondoe.

Pili, njia ya mkato. Hii watu wengi hawaijui. Bofya kwa kitufe cha kulia kile kialama cha Chrome kilicho kwenye skrini, chagua sifa zake, na usome mstari unaoonyesha programu inayofunguliwa. Unapaswa kuishia kwenye chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Maneno yanayotaja wasifu wa mtumiaji hayana neno. Lakini ukikuta baada ya hapo kuna anwani ya tovuti, umeshampata: kila unapobofya kialama hicho, unaiambia kompyuta ifungue Chrome pamoja na tovuti hiyo, na setingi za ndani ya Chrome haziwezi kuizuia. Futa kialama hicho na utengeneze kipya. Kagua na kile kilichobandikwa kwenye mwambaa wa chini, maana ni kingine.

Tatu, vinavyowaka pamoja na Windows. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye orodha ya programu zinazoanza, na uzime usizozijua. Halafu ingia kwenye orodha ya programu zilizowekwa, ipange kwa tarehe, na uangalie kilichoingia siku tatizo lilipoanza. Kwenye steshenari mara nyingi ni programu ya bure iliyowekwa kwa kubofya “endelea, endelea” bila kusoma, au kile kifaa cha kuvunja leseni ya Windows na Office. Hicho cha leseni ndicho kichafu kuliko vyote, na najua sitapendwa kwa kusema hivyo.

Nne, na hapa ndipo steshenari zinapoumia: akaunti za wateja. Mteja anakuja kuchapa barua iliyo kwenye Gmail yake, anaingia kwenye Chrome yako, anaondoka bila kutoka. Akiwa amekubali Chrome isawazishe akaunti yake, viendelezi vyake vyote vinahamia kwako. Unakiondoa asubuhi, jioni kimerudi kutoka kwenye akaunti ya mtu aliyeko Muheza. Sisi Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini kiendelezi kikija hakiondoki. Toa akaunti zote zisizo zako, kisha wateja wafungulie Chrome katika hali ya mgeni: bofya picha ya wasifu juu kulia, chagua mgeni. Wakifunga dirisha, historia na akaunti zao zinafutika kwenye kivinjari, na wewe unakuwa salama wao wakiwa salama zaidi, maana nywila zao za maombi ya ajira hazibaki kwako.

Ukimaliza yote, rudisha setingi za Chrome kama zilivyokuwa mwanzo. Alamisho na nywila hazipotei.

Chrome inaandika kwamba inasimamiwa na shirika langu. Sina shirika.

Andika chrome://policy uone nini kimewekwa. Programu mbaya hujiandikia sera (kanuni ambazo Chrome inalazimika kuzifuata) kwenye Windows ili kiendelezi chake kisiondoke. Programu halali za kuzuia virusi nazo wakati mwingine huweka sera, kwa hiyo soma kwanza. Kikitajwa kiendelezi usichokijua, fanya ukaguzi wa Microsoft Defender ule wa nje ya mtandao, ambao unaizima kompyuta na kuikagua kabla Windows haijawaka. Kompyuta ikiwa ya ofisi, mwachie mtu wa TEHAMA.

Nikiunganisha laptopu kwenye Wi-Fi ya gesti, ukurasa unafunguka wenyewe.

Huo hauna ubaya. Windows ikiunganishwa kwenye Wi-Fi inayotaka jina na nywila, yenyewe hufungua anwani yenye msftconnecttest.com ili uletewe ukurasa wa kuingilia. Gesti ya Pangani au hoteli ya Raskazone, ni yaleyale.

Ila kama kila kifaa kwenye Wi-Fi moja kinapata matangazo, na ukihamia bando la simu yanakoma, kagua ruta. Nyingi bado zina nywila ya kiwandani, na yeyote aliyeunganishwa anaweza kubadilisha setingi zake. Irudishe kiwandani, weka nywila mpya ya msimamizi.

Nikibofya linki mara moja, vinafunguka vichupo viwili.

Maus imechoka. Kibonyezo chake kikiisha hubofya mara mbili kwa kubofya mara moja. Jaribu nyingine. Na kubonyeza lile gurudumu la katikati juu ya linki hufungua kichupo kipya, ndiyo kazi yake.

Ukurasa unasema kompyuta imefungwa, unalia king'ora, haufungiki. Unaniambia nipige namba.

Usipige. Huo ni ukurasa wa tovuti uliojaza skrini, si Windows. Shikilia Esc, au bonyeza F11, kisha Ctrl na W. Ukurasa ukikataa kufungika, bonyeza Ctrl, Shift na Esc na ukizime kivinjari chenyewe. Kwenye simu, ingia setingi, Programu, Chrome, na ulazimishe isimame. Ukifungua tena, ukiulizwa kurudisha kurasa za mwanzo, kataa.

Niweke kizuia matangazo? Kipi?

Ndiyo. Kwenye kompyuta mimi naweka uBlock Origin ndani ya Firefox. Chrome ilibadilisha kanuni za viendelezi, na toleo kamili la uBlock Origin halikubaliki tena humo. Linalokubalika ni lile jepesi, uBlock Origin Lite, nalo linatosha kwa watu wengi. Kwenye Android, Chrome haipokei viendelezi. Firefox inapokea, na uBlock Origin inafanya kazi humo vizuri.

Njia nyingine ya simu, bila kuweka programu yoyote: Android 9 na kuendelea ina setingi ya DNS ya faragha (DNS ndiyo inayoitafutia simu mahali ilipo kila tovuti). Andika dns.adguard-dns.com. Matangazo mengi yatakosa njia, hata yale ya ndani ya michezo ya watoto. Ubaya wake ni kwamba Wi-Fi za gesti wakati mwingine zitakataa kufungua ukurasa wa kuingilia mpaka uizime kwanza.

Vichupo hivi vinakula bando?

Vinakula. Kurasa za matangazo zimejaa picha na video zinazoanza zenyewe. Tazama pia idadi ya vichupo ulivyoacha wazi, kwenye kile kisanduku kidogo juu ya Chrome. Ukikuta uso unaocheka badala ya namba, umeshapita 99. Vifunge vyote.

Nina iPhone.

Setingi, Safari (kwenye iOS 18 na kuendelea iko ndani ya Programu), washa kizuizi cha madirisha ibukizi, kisha futa historia na data ya tovuti. Matangazo yanayotokea kama miadi ya kalenda, “simu yako imeingiliwa saa nne”, ni kalenda uliyojiunga nayo bila kujua. Fungua programu ya Kalenda, orodha ya kalenda, ondoa hiyo isiyo yako.

Fundi mmoja ameniambia lazima niflashi. Ni kweli?

Kwa vichupo, ni nadra. Kurudisha simu kiwandani kunaondoa programu ulizoziweka, lakini ukirudisha nakala yote kama ilivyokuwa, na mhusika naye anarudi. Isipokuwa kwa zile simu za bei ya chini zinazotoka dukani zikiwa na programu ya matangazo ndani ya mfumo wenyewe. Hizo hata ukirudisha kiwandani matangazo yanabaki, na hapo kuflashi kuna maana. Muulize fundi: ni programu gani? Asipoweza kukutajia, nenda na simu yako.

Kwenye kichupo kimoja nilijaza namba yangu ya simu na namba ya siri ya pesa. Nifanye nini sasa hivi?

Badilisha namba ya siri kwanza, kabla ya kusafisha chochote, kupitia menyu ileile ya kutumia pesa unayoipiga kila siku. Piga 100 umweleze mhudumu wa mtandao wako, na umuulize pia kama kuna huduma ya kulipia ya ujumbe uliyounganishwa nayo, akutoe. Piga *106# uone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako usiyoijua. Namba ikianza kukupigia ikidai imetoka “makao makuu”, iripoti kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ya kupokea taarifa za matapeli. Kama pesa imeshatoka, nenda polisi Chumbageni ukiwa na ujumbe wa muamala bila kuufuta, na uchukue picha ya skrini ya anwani ya ule ukurasa kutoka kwenye historia ya kivinjari. Kwa hiyo historia usiifute mpaka umemaliza na polisi.